Mpaka ni Korongo

Nina hasira ya kurithi. Wenzangu walirithi ng'ombe, mimi nilirithi korongo, na pamoja na korongo nikapewa mtu wa kumchukia. Mtu huyo ni baba mkubwa, kaka wa baba yangu wa tumbo moja, mzee wa kanisa mwenye sauti tamu ya kuombea chakula. Yuko hai. Jina lake sitaliandika, na wala si kwa heshima. Sitaki tu likae kwenye karatasi yangu.

Nyumbani kwetu ni kwenye mteremko wa Mlima Elgon. Mlima ule ulikuwa volkano, ukatema moto wake wote, ukalala, kisha mvua ikaanza kuuteremsha chini kidogo kidogo. Udongo mwekundu tunaoulima ndio huo mlima ulioteremka. Ukichomeka fimbo pale usiku mmoja, waweza kuikuta na majani. Babu aliugawa mteremko wake kwa wanawe wawili, upande wa kushoto kaka mkubwa, upande wa kulia baba yangu. Katikati palikuwa na mfereji wa maji ya mvua ambao mimi nikiwa darasa la pili niliuruka bila kukimbia. Babu akasema mbele ya wazee kwamba mpaka ni mfereji, akanywa busaa yake, pombe ya nafaka, na baada ya muda akafa.

Baba alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha saruji huko Athi River. Miaka ya tisini ilipoanza alituchukua, mama na sisi watoto, tukaishi naye kwa nyumba ya kupanga. Shamba akamwachia kaka yake alitazame. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hukagua nguo yake kila asubuhi? Baba mkubwa alilitazama shamba vizuri sana. Alichimba mtaro kutoka barabarani na kutoka uani kwake, akayaelekeza maji yote kwenye ule mfereji. Kisha kwenye ukingo wake akapanda matete, mizizi ikashika udongo. Ukingo wetu akauacha mtupu. Maji yakishuka na nguvu na kukuta upande mmoja umeshikwa na mwingine umelegea, hayahitaji kufundishwa pa kwenda. Mfereji ukawa korongo, na korongo likaanza kutembea kulia, kuelekea kwetu. Lilikohama, upande wa nyuma yake, tope lilijaa, na juu ya tope baba mkubwa akapanda ndizi.

Sisi tulikuwa hatujui. Wakati huo baba alikuwa ameshanunua ploti Kitengela, kutoka kwa mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akipunguza malisho yake. Mzee yule alimwambia wazi siku ya kupima, "Hapa ng'ombe itakula. Jembe haitakula." Baba akacheka. Mtu wa kwetu akiona nyasi anaona shamba, hilo ndilo kosa letu. Alianza na choo cha shimo, kwa sababu nyumbani mtu hujivunia choo kirefu ambacho jiwe likitupwa huchukua muda kufika. Udongo mweusi unaonata ulikubali hadi magotini. Halafu jembe likalia, likaruka, likamgonga baba kwenye ugoko. Chini yake palikuwa na mwamba mweusi, mzima, kutoka ukuta hadi ukuta wa shimo. Alihamia kona ya pili ya ploti, mwamba. Kona ya tatu, mwamba. Majirani kutoka kwetu walikuja kutoa pole kana kwamba tumefiwa.

Ndipo nilipojua kwamba nyanda zote zile, kutoka Athi River hadi uelekee Isinya, ni lava. Ilitoka upande wa Bonde la Ufa enzi ambazo hakuna mtu wa kuikimbia, ikamwagika, ikatandaa, ikapoa. Tambarare ile watu wanayoisifu kwa macho ni uji uliokauka kwenye sinia. Choo chetu hatimaye kilichimbwa na vijana wa kware, yaani machimbo ya mawe, waliochoma kuni na magurudumu ya zamani juu ya mwamba hadi ukawaka, wakaumwagia maji baridi, ukapasuka kwa kishindo. Kikawa kifupi, baba akakionea aibu.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Krismasi iliyofuata tulikwenda nyumbani, tukashuka barabarani tukiwa na mkate na sukari, na baba akasimama akashindwa kuendelea kutembea. Nusu ya shamba lake haikuwepo. Jiko la mama lilikuwa limeondoka pamoja na jiwe la kusagia. Korongo lilikuwa limefika mlangoni mwa nyumba yetu, refu kiasi cha kumficha mtu aliyesimama, na ng'ambo yake ndizi za baba mkubwa zilikuwa zimestawi, nyingine zimeinama kwa uzito wa mikungu.

Baba aliita wazee. Walikaa chini ya paa la baba mkubwa, wakala kuku wa baba mkubwa, na baba mkubwa akasimama kujibu. Nilikuwa nimebeba trei ya chai, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mzee alisema mpaka ni mfereji," akasema. "Mfereji ndio huo. Sasa kama Mungu ameusogeza, mimi ni nani?"

Wazee wakacheka. Nakumbuka ni nani alicheka kwa nguvu, na ni nani alificha mdomo kwa kikombe. Baba hakucheka wala hakupiga kelele. Aliweka kofia yake kichwani ndani ya nyumba, jambo ambalo kwetu mtu hafanyi, akasema, "Sawa. Basi hata maiti yangu hamtaiona. Nitazikwa kwa mawe."

Ilikuwa laana, na kila mtu alijua. Kwetu mwanamume huzikwa kwake, mbele ya nyumba yake, na asiyerudishwa nyumbani watu huuliza ndugu zake walimfanya nini. Baba alitaka aibu hiyo imkae kaka yake shingoni hadi mwisho. Mama peke yake ndiye aliyempinga. Tukiwa njiani kurudi alimwambia, "Baba watoto, kwetu mtu anaonyesha shamba lake kwa kaburi. Ukikosa kaburi pale, nani atasema pale ni pako?" Baba akageuza uso, akatazama dirishani hadi Nakuru.

Tangu siku hiyo akaupenda mwamba. Alisema hapa hakuna mvua itakayomwibia mtu shamba, na alisema hivyo kwa majirani wasiomuuliza. Jumapili baada ya kanisa alituchukua kwa miguu hadi kwenye bonde la mto Kitengela. Ukiwa mbali huoni kitu, ni nyasi tu. Halafu ardhi inapasuka mbele ya miguu yako, kuta nyeusi zinashuka wima, na chini kabisa kuna maji kidogo ya kudanganya, ambayo mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. "Hayo ndiyo yaliyokata," baba alisema. "Usidharau maji madogo. Yana muda."

Kulikuwa na kona moja aliyopenda kukaa. Hapo jiwe kubwa lilikuwa limeanguka kutoka ukutani, likatokeza ndani ya mto upande wetu. Nyuma yake mchanga ulikuwa umejaa, nyasi zimeota, ndege wanadonoa. Ng'ambo ya pili ukingo ulikuwa umeliwa kwa ndani hadi juu pakabaki kama mdomo wa kofia. Baba alinionyesha kwa fimbo. "Umeona? Maji hayapigani na jiwe. Yanampelekea jirani ugomvi." Akarudia tena, polepole, na nikajua hakuwa akizungumza juu ya mto.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya msingi upande wa Kajiado mjini. Kule mwamba si huu wetu. Lava inaishia njiani, unaingia kwenye mawe mengine ya zamani zaidi, yenye kung'aa, na udongo wa kichangachanga unaochimbika hata mbuzi akikojoa. Uwanja wa shule ulikuwa na korongo lililokuwa linasogea kwenye vyoo vya wasichana. Wazazi walikuja siku moja na mawe, wakayapanga kutoka ukingo wa shule yakitokeza katikati ya njia ya maji. Mama mmoja nilimsalimia kwa Kimaa changu cha kuokoteza, "Sopa," naye akaitikia "Ipa," akacheka matamshi yangu, akaniwekea jiwe mikononi. Mvua zilipoisha, upande wa vyoo ulikuwa umejaa mchanga. Upande wa pili uzio wa jirani mwenye duka ulikuwa unaning'inia hewani. Mwalimu mkuu alishughulika na malalamiko yake muhula mzima. Mimi nilikuwa nikienda kulitazama korongo lile kila saa ya mapumziko, na chai yangu mkononi.

Baba alifariki miaka ya elfu mbili ilipokuwa imeanza tu, kwa ugonjwa wa kifua ambao nadhani ulitoka kwenye vumbi la saruji. Hakulia, hakuomba, hakusamehe. Kitu cha mwisho alichoniambia chenye maana ni, "Wasinipeleke." Nikamwambia hawatakupeleka.

Niliingoja safari ya baba mkubwa kwa hamu. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilijua atakuja na lori na watu wa ukoo kudai mwili, na mimi, binti asiyehesabiwa kwenye mambo ya mashamba, ningesimama mlangoni nimnyime. Nilitaka nimwone akirudi mikono mitupu, watu wote wa kijiji wakimwangalia. Lori lilifika limejaa mashangazi na nyimbo. Baba mkubwa akashuka, akavua kofia, akalia kwa machozi ya kweli, akanishika mkono. Nikamwambia, "Baba mkubwa, mwili hauendi. Mwenyewe alikataa."

"Kama alikataa, nani atamlazimisha?" akasema. "Mtaimbo uko wapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Vijana wa kware walikuwa wameanza kupasua mwamba mbele ya nyumba, moto na maji, moto na maji, na moshi wa magurudumu ulikuwa umeweusha nguo zilizoanikwa kwa majirani. Baba mkubwa akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia shimoni. Mtu ambaye hakuwahi kumshikia baba yangu jembe akiwa hai alimchimbia kaburi kwa nguvu zake zote. Alitoa mawe meusi moja baada ya jingine akiimba. Jasho lilimtoka. Alikuwa na furaha, na mimi nilisimama pale nikamwangalia akifurahi na sikuelewa.

Nilielewa siku ya mazishi. Alipopewa nafasi ya kuongea kwa niaba ya ukoo alisema, "Ndugu yetu alichagua kwake. Sisi watu wa nyumbani hatuna neno. Kwake ni hapa." Akageuka kuwatazama wale wazee aliokuja nao, mmoja mmoja, wakaitikia kwa vichwa. "Kwake ni hapa," akasema tena. Mama aliyekuwa amekaa kando yangu alinifinya paja hadi nikapata alama. Ile laana ya baba ilikuwa zawadi. Mtu aliyezikwa Kitengela hana kaburi Elgon, na asiye na kaburi hana shamba, na sasa mashahidi walikuwa wamesikia. Baba alikuwa amejipiga kwa fimbo aliyomkusudia kaka yake.

Sijawahi kuhisi chuki safi kama ile. Haikunitetemesha, ilinituliza. Watu walipokuwa wakimwaga udongo kaburini, nilitazama lile rundo la mawe pembeni. Mwamba ukipasuliwa huongezeka, haurudi wote shimoni. Mawe yalikuwa mengi, meusi, mazito, yana kona kali. Na lori lilikuwa linarudi tupu.

Nikaenda mbele kabla sala ya mwisho haijasomwa. "Baba mkubwa amesema vizuri," nikasema. "Mwili umebaki. Lakini si haki watu wa nyumbani warudi bila kitu cha ndugu yao. Mawe haya yametoka kaburini mwake, na yeye baba mkubwa ameyatoa kwa mikono yake. Naomba ayabebe, yakae mbele ya nyumba ya baba."

Akafungua mdomo. Lakini shangazi yetu mkubwa alikuwa ameshaanza kulia, "Ndiyo! Lazima kitu irudi! Hatuwezi rudi hivi hivi!" na wengine wakaungana naye. Mzee wa kanisa atakataaje jiwe la kaburi la ndugu yake mbele ya mchungaji? Akafunga mdomo. Vijana wakapakia hadi springi za lori zikalala. Mashangazi walirudi nyumbani wamekaa juu ya mawe, na baba mkubwa akakaa mbele na dereva, asijue amebeba nini.

Likizo ya Desemba, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu, mimi na mama tulikwenda. Tulitafuta wanaume wawili wenye nguvu, watoto wa rafiki wa zamani wa baba. Nikashuka korongoni na kitenge nimejifunga kiunoni. Tulianzia ukingo wetu, tukayapanga mawe ya baba yakitokeza hadi katikati ya korongo, ncha ikielekea juu kidogo, kule maji yanakotoka. Tukashuka hatua chache, tukapanga mstari mwingine, na mwingine chini yake. Mawe ya mtoni tuliongezea nyuma. Yale ya kaburi tuliyaweka mbele, pale maji yanapogonga. Nyuma yake kwenye ukingo wetu nilipanda matete, na mbegu nilikata kwa baba mkubwa, kwa ruhusa yake.

Alikuja kutuangalia kutoka ng'ambo, mikono nyuma, chini ya ndizi zake. "Mwanangu," akasema, "wewe si mwalimu? Mwalimu anajenga ukuta ndani ya mto?"

"Ni kumbukumbu ya baba," nikamjibu.

"Mungu akubariki," akasema, akaenda zake akicheka. Mama alitema mate pembeni. Mvua ilianza Machi.

Nilikuwa Kajiado, sikuona, lakini habari zilinifikia, na kila habari niliila taratibu. Mwaka wa kwanza tope lilijaa nyuma ya mawe. Mwaka wa pili mama alikwenda akapanda maboga juu ya tope. Mwaka wa tatu ndizi za baba mkubwa zilianza kulala korongoni, shina baada ya shina, na matete yake yakang'oka na mizizi yake mizima. Mtaro aliouchimba yeye mwenyewe ndio ulioyaletea maji nguvu. Angeuziba, lakini maji yangeingia uani kwake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi sikuwa nimechimba hata tone, nilipanga mawe tu. Korongo likatembea kushoto, likala ndizi, likala njia, likaenda.

Kisha baba mkubwa akaja Kitengela. Ilikuwa Jumamosi mchana, mji umeshakuwa mkubwa, maghorofa ya kupanga yamepanda juu ya lava kila upande. Nilimkuta mlangoni na koti lake lile lile, limekuwa kubwa kwake. Mama alikuwa sokoni. Nilimkaribisha, nikamuwekea kiti barazani, akaomba Mungu kwa sauti yake tamu.

"Mwanangu," akasema, "hiyo mawe itoke."

"Mawe gani, baba mkubwa?"

"Unajua. Maji imekula upande wangu yote. Pale kwa ndizi, pale nilionyesha vijana wanizike, pameenda. Nyumba imebaki kwa ukingo. Mimi ni mzee sasa. Hakuna mahali."

Alikuwa akilia. Machozi haya pia yalikuwa ya kweli, na nilifurahi kwamba ni ya kweli. Ya uongo yasingenishibisha.

"Mpaka ni wapi?" nikamuuliza.

Akapangusa uso kwa kofia yake.

"Mzee alisema mpaka ni mfereji," nikasema. "Mfereji ndio huo. Sasa kama Mungu ameusogeza, mimi ni nani?"

Aliyakumbuka. Niliona yakimfikia, neno baada ya neno, na midomo yake ikasogea nayo. Nilikuwa nimeyatunza tangu siku ya ile trei ya chai, na yalitoka mdomoni mwangu mazima.

"Tena mawe si yangu," nikaendelea. "Ni ya kaburi, na wewe ndiye uliyeyabeba. Mwenyewe yuko hapo nje. Muombe yeye."

Nikamwinua kwa kiwiko, kwa heshima zote, nikamshusha ngazi, nikamsimamisha mbele ya kaburi. Saruji ilikuwa imepasuka kidogo kwenye kona na majani yalikuwa yametokeza. Akasimama pale na kofia mikononi. Nikamwambia, "Na kama nyumbani hakuna nafasi, hapa kando ya ndugu yako ipo. Mwamba ni mgumu, lakini unajua kuchimba."

Nikaingia jikoni kuteleka chai. Nilipotoka na vikombe viwili, alikuwa bado amesimama pale, jua likimchoma kichwani. Nikamkaribisha chai, akatikisa kichwa. Baadaye akavaa kofia, akafungua geti mwenyewe, akaenda stendi bila kuaga. Nilikaa kwenye kiti alichokaa, nikanywa chai yangu, kisha nikanywa na yake.